Jina Ukutani: Grafiti kama Sanaa na Sauti

Grafiti ni maandishi au mchoro unaowekwa mahali pa wazi, aghalabu ukutani, na mtu ambaye mara nyingi hakuomba ruhusa ya mwenye ukuta. Tangazo la biashara hulipiwa, grafiti hailipiwi. Picha iliyotundikwa kwenye jumba la sanaa hufuatwa na mtazamaji, grafiti humkuta mtazamaji njiani, akienda sokoni, kazini au shuleni. Wapo wanaoiona kuwa uchafu na uharibifu wa mali, na wapo wanaoiona kuwa sanaa kamili. Ukuta mmoja waweza kuwapa haki wote wawili, kwa kuwa unaweza kubeba mchoro uliomkesheza mtu usiku kucha na, kando yake, mikwaruzo ya dakika moja. Anayetaka kuielewa fani hii na aanze kwa kuuliza ni nani aliyeandika, na kwa nini alichagua pale na si kwingine. Mahali ni sehemu ya kazi yenyewe.

Tabia hii ni ya kale. Mji wa Pompeii, Italia, ulifukiwa na majivu ya volkano ya Vesuvius mwaka 79, na wachimbaji wamekuta kwenye kuta zake maandishi zaidi ya 11,000: kampeni za uchaguzi, matangazo ya mapambano ya upanga, salamu za wapenzi, matusi. Wanahistoria wanayathamini mno. Vitabu vya Kirumi viliandikwa kwa sehemu kubwa na watu wa tabaka la juu, ilhali ukutani aliandika yeyote aliyejua herufi na aliyekuwa na kitu chenye ncha mkononi. Huko Istanbul, kwenye kizuizi cha marumaru cha ghorofa ya juu ya Hagia Sophia, jina Halfdan limechongwa kwa herufi za watu wa Skandinavia. Mwenye jina hilo alipita hapo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na hakuna kingine kinachojulikana juu yake.

Pwani ya Afrika Mashariki ina urithi wake wa aina hii, na haupewi heshima unayostahili. Katika magofu ya miji ya Waswahili, kama Kilwa na Gedi, lipu ya chokaa ya baadhi ya kuta ina michoro ya vyombo vya baharini iliyokwaruzwa kwa ncha kali. Mingine huonyesha milingoti na kamba tu, mingine chombo kizima pamoja na tanga la pembe nne, kama lile la mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila misumari. Mwaka 1964 watafiti Peter na Margaret Garlake walichapisha uchunguzi wa michoro hiyo, na tangu hapo imekuwa ushahidi muhimu kwa wanaotafiti vyombo ambavyo mbao zake zilioza zamani. Mombasa nako, ndani ya Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa mwaka 1593, askari na mabaharia wa Kireno waliacha ukutani picha za meli na watu kwa makaa na udongo mwekundu. Wote hao, mwenyeji wa Kilwa na askari aliye mbali na kwao, walichora walichokiwaza, mahali walipokuwapo, kwa zana iliyokuwa karibu.

Grafiti ya leo, ile ya rangi ya kupuliza na herufi kubwa zilizovimba, ilizaliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960. Huko Philadelphia kijana Darryl McCray, aliyejiita Cornbread, alianza kuandika jina hilo mji mzima. Muda mfupi baadaye moto ukahamia New York. Mjumbe mmoja wa kupeleka barua na vifurushi, mwenye asili ya Kigiriki, aliandika TAKI 183 kila alikotumwa: kwenye milango, nguzo, vituo na mabehewa. Namba hiyo ilikuwa ya barabara aliyoishi, ya 183 huko Manhattan. Tarehe 21 Julai 1971 gazeti la New York Times lilichapisha habari zake, na habari hiyo ikawafundisha vijana wengi kwamba jina la mtoto wa mtaani linaweza kusomwa na mji wenye mamilioni ya watu. Baada ya hapo hapakuwa na breki.

Hali ya mji ilichangia. New York ya miaka ya 1970 ilikuwa imefilisika au kukaribia kufilisika, majengo ya Bronx yaliteketea mtaa baada ya mtaa, na vijana wengi, hasa weusi na wenye asili ya Puerto Rico, walikua wakiona wamesahauliwa. Hawakuwa na kituo cha redio wala gazeti. Treni, hata hivyo, zilipita karibu na nyumba zao na kwenda hadi katikati ya mji, kwenye ofisi za wenye fedha. Jina lililopakwa Bronx usiku lilionekana Manhattan asubuhi. Werevu wa vijana hao unastahili kutajwa waziwazi: waligeuza mtandao mzima wa reli kuwa jukwaa lao, bila kuombwa wala kulipwa.

Wenyewe hujiita waandishi, na jina hilo linafaa, kwa kuwa kiini cha fani yao ni herufi. Watazamaji wengi hutafuta sura za watu na mandhari, kisha wanapita mbele ya maandishi wasiyoweza kuyasoma wakidhani hayana maana. Hapo ndipo wanapopoteza utamu. Chini kabisa ipo chata, yaani saini ya haraka kwa kalamu nene au kwa mpulizo mmoja. Juu yake yapo majina yenye herufi nene, rangi mbili, yanayokamilika kwa dakika chache. Juu zaidi ipo kazi kubwa, yenye rangi nyingi, vivuli, mng'ao na mandhari ya nyuma. Phase 2, mmoja wa mabingwa wa mwanzo, alizipa herufi umbo la mapovu laini mapema miaka ya 1970. Waliomfuata wakazipindisha, wakaziongezea mishale, wakazisokota ndani ya nyingine hadi asiyefundishwa akashindwa kuona moja inaanzia wapi na nyingine inaishia wapi. Kila mstari katika msokotano huo una hesabu yake. Herufi isiyosimama imara huonekana mara moja na waandishi wengine, na mwandishi mbovu hudharauliwa.

Kazi huanza daftarini. Mwandishi huchora herufi zake kwa penseli mara nyingi kabla ya kuugusa ukuta. Akifika ukutani, huchora kwanza umbo jepesi, hujaza rangi ndani, hurudia mstari wa nje kwa mkono usiotetemeka, kisha huongeza vivuli na madoa ya mwanga. Kopo la rangi halina huruma. Likisogezwa karibu hutoa mstari mwembamba mkali, likirudishwa nyuma hutoa ukungu, na likicheleweshwa kidogo rangi huchuruzika. Pua ya kopo hubadilishwa kulingana na unene wa mstari unaotakiwa. Yote haya, kwa waandishi wa treni za New York, yalifanyika gizani, katika nafasi finyu kati ya behewa na behewa, karibu na reli yenye umeme uwezao kuua. Mwezi Novemba 1976 kundi la Fabulous 5, ambamo Lee Quiñones alikuwa mmoja, lilipaka treni nzima ya mabehewa 10.

Waandishi wana sheria zao ambazo hazikuandikwa popote. Anayeanza hujifunza kwa mkubwa. Jina la mtu haliibwi. Kupaka juu ya kazi ya mwingine ni tusi, labda kazi mpya iwe bora waziwazi kuliko ile ya zamani. Makundi hulinda heshima ya wanachama wake, na ugomvi mwingi wa mitaani ulitokana na mstari mmoja uliochorwa juu ya jina lisilopaswa kuguswa. Wanawake walikuwa wachache, na kazi yao ilikuwa ngumu zaidi. Lady Pink, aliyezaliwa Ambato nchini Ecuador mwaka 1964 na kukulia New York, alianza kuandika mwaka 1979 na kwa miaka kadhaa alipaka treni sawa na wavulana waliodai kwamba msichana hawezi.

Serikali ya mji ilijibu kwa nguvu. Sheria dhidi ya grafiti ilipitishwa mwaka 1972 wakati wa Meya John Lindsay. Meya Ed Koch aliyefuata baadaye alizungushia yadi za treni ua na kuweka mbwa. Lililofaulu hatimaye lilikuwa jambo la uvumilivu: kuanzia mwaka 1984 shirika la reli lilisafisha mabehewa moja baada ya jingine, na lililokwisha kusafishwa halikuruhusiwa kutembea tena likiwa na rangi. Mwandishi akawa anakesha kwa kazi ambayo hakuna abiria angeiona. Tarehe 12 Mei 1989 treni ya mwisho yenye michoro iliondolewa njiani.

Lakini wakati huo fani ilikuwa imeshatoka nje ya reli. Filamu za Wild Style na Style Wars, zote za mwaka 1983, na kitabu cha picha Subway Art cha Martha Cooper na Henry Chalfant cha mwaka 1984, viliipeleka Ulaya, Amerika Kusini na Afrika, pamoja na muziki wa rapu na dansi ya breki. Majumba ya sanaa nayo yalifungua milango. Jean-Michel Basquiat, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1970 aliandika kuta za Manhattan pamoja na Al Diaz kwa jina la SAMO, alifariki mwaka 1988 akiwa na miaka 27. Mchoro wake wa mwaka 1982 uliuzwa mnadani mwezi Mei 2017 kwa dola milioni 110.5. Huko Paris, Blek le Rat alianza mwaka 1981 kupuliza panya kwa kutumia karatasi iliyokatwa umbo, mbinu ambayo Banksy wa Uingereza ameitumia hadi kuwa mchoraji wa mitaani anayejulikana kuliko wote duniani, ingawa hujificha. Fedha hizo zimeiletea fani sifa. Zimeleta pia upotovu: kuta zinabomolewa ili mchoro ukauzwe, na mchoro uliong'olewa mtaani pake hupoteza nusu ya maneno yake.

Mahali ambapo kusema ni hatari, grafiti hubeba mzigo mzito zaidi. Ukuta wa Berlin, ulipokuwa bado ukilindwa, ulipakwa rangi upande wa magharibi tu, kwa sababu upande wa mashariki aliyeukaribia angeweza kupigwa risasi. Huko Daraa, Syria, mapema mwaka 2011, wavulana wa shule waliandika ukutani kwamba zamu ya rais, aliyesomea udaktari wa macho, imefika. Walikamatwa na kuteswa, na hasira za wazazi na majirani zao ziliwasha maandamano ya Machi mwaka huo ambayo yalienea nchi nzima. Cairo, Barabara ya Mohamed Mahmoud inayoingia Medani ya Tahrir ikawa daftari la mapinduzi ya mwaka huohuo. Alaa Awad na Ammar Abo Bakr walichora hapo sura za vijana waliouawa, Awad akitumia mtindo wa makaburi ya kale ya Misri: wanawake waombolezaji, majeneza, wanyama wa hadithi. Mwezi Septemba 2012 wafanyakazi wa mji waliupaka ukuta wa barabara hiyo rangi tupu, na wachoraji wakarudi mara moja kuuchora upya. Mtawala anayetuma watu na ndoo ya chokaa amekiri kwamba maneno ya ukutani yamemfikia.

Afrika pia ina mfano wa grafiti iliyoanza kwa kukaribishwa. Dakar, mwishoni mwa miaka ya 1980, vijana wa vuguvugu la Set Setal walifagia na kuzoa taka mitaani mwao, kisha wakapaka kuta picha za mashujaa, viongozi wa dini na mafunzo ya afya. Ukuta uliochorwa ukawa ishara ya mtaa unaojali. Ndiyo maana msanii Docta, aliyeanzisha tamasha la Festigraff mwaka 2010, aliweza kufanya kazi mchana kweupe huku wenyeji wakimpa kuta zao wenyewe.

Kenya ilipata grafiti yake ya kisasa kwanza kwenye magurudumu. Matatu za Nairobi zilipakwa majina, sura za wanamuziki, wanasoka na viongozi, pamoja na misemo ya Sheng, na abiria vijana waliacha gari jipya tupu wakasubiri nganya, yaani matatu yenye rangi na muziki. Mwaka 2004 kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilianza kutumika, zikitaka mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano, na michoro ikafutwa. Usalama ulihitaji mikanda na vidhibiti mwendo. Haukuhitaji kuua sanaa, na jambo hilo lilikubalika miaka kumi baadaye, mwaka 2014, Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kwamba vijana waachwe wapambe matatu kwa kuwa ni ajira yao. Leo karakana za Nairobi zina mafundi wanaochora sura ya mtu kwenye bati la gari kwa usahihi ambao wachoraji wengi wa turubai wangeutamani.

Kuta zilifuata. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, machafuko yaliyoua zaidi ya watu 1,000 yaliifikia Kibera, mtaa wa Nairobi, na reli inayopita hapo iling'olewa. Msanii Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo7, alizunguka Kibera akiandika ujumbe wa amani kwenye kuta na mabati, ilhali nyumba nyingine bado zilikuwa zikichomwa. Hilo ni tendo la ujasiri mkubwa, na maandishi yake yalikuwa ya brashi, mepesi, yasiyo na mapambo yoyote. Mwezi Februari 2012 wachoraji, wakiandaliwa na mwanaharakati na mpiga picha Boniface Mwangi, walichora katikati ya Nairobi mwanasiasa mwenye sura ya tumbusi, pamoja na orodha ya maovu yake. Watu walisimama makundi kwa makundi kuusoma ukuta huo. Wachoraji kama Swift9, Bankslave na Uhuru B, waliokomaa katika miaka hiyo, wamefanya jina la Nairobi lijulikane katika fani hii.

Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013 jambo lisilo la kawaida lilitokea. Katika mradi wa kuhimiza amani Kibera, kampuni ya Rift Valley Railways iliruhusu treni ya abiria ipakwe michoro na maneno ya amani. Chombo kilekile ambacho vijana wa New York walikipaka kwa kunyemelea, hapa kilipakwa kwa idhini ya wenye reli, na kikapita kila siku juu ya njia iliyokuwa imeng'olewa miaka mitano nyuma.

Tanzania fani imekua kwa utulivu zaidi. Dar es Salaam, kundi la Wachata limekuwa likichora kuta za mji na kufundisha vijana namna ya kujenga herufi na kushika kopo, na Nafasi Art Space ya Mikocheni, ambako makontena ya mizigo yamegeuzwa kuwa vyumba vya kazi vya wasanii, ina kuta zinazoonyesha mchanganyiko wa herufi, sura za watu na mapambo ya pwani. Mbali na hao wapo mafundi wa mabango ya saluni, gereji na migahawa, ambao kwa brashi na rangi ya mafuta wamefundisha macho ya mtaa tangu zamani. Hawahesabiwi kuwa watu wa grafiti, lakini vijana wengi walianza kwa kuwatazama.

Swali la haki halikwepeki. Kuchora mali ya mtu bila idhini ni kosa la jinai Kenya na Tanzania, na mwenye duka anayekuta chata kwenye mlango aliomaliza kuupaka jana ana haki ya kukasirika. Sanaa nzuri haifuti hasara yake. Lakini msanii naye ana haki, pale alipopewa ukuta. Huko Queens, New York, kiwanda cha zamani kilichoitwa 5Pointz kilipakwa kwa idhini ya mwenye jengo hadi kikawa kivutio cha wageni kutoka kila bara. Mwezi Novemba 2013 mwenye jengo aliamuru kuta zipakwe rangi nyeupe usiku, bila kuwapa wasanii nafasi ya kuokoa kazi zao. Walimshtaki, na Februari 2018 mahakama iliwapa wasanii 21 fidia ya dola milioni 6.75. Rufaa haikubadilisha uamuzi huo. Hukumu hiyo ilikuwa ya haki: ukuta ni mali ya mwenye nyumba, lakini aliyemruhusu mtu kuweka hapo miaka ya kazi yake anawiwa naye angalau taarifa.

Halmashauri za miji yetu zinaweza kufanya zaidi ya kufuta. Kuta za viwanja vya michezo, vituo vya mabasi, madaraja na shule zipo, wachoraji wapo, na gharama ya makopo ya rangi huenda ikawa ndogo kuliko ile ya kupaka chokaa kila mwaka. Si kila mwandishi atakubali ukuta wa kupewa, kwa kuwa wengine huthamini uhuru kuliko nafasi. Wanaoukubali hupata muda na mwanga wa mchana, na kazi zao huonyesha tofauti hiyo.

Lililo la haraka zaidi ni kumbukumbu. Treni zote zilizopakwa New York zimekwisha, na zinazojulikana leo zinajulikana kwa sababu watu kama Martha Cooper walisimama juu ya majengo na vituo, kamera mkononi, wakizisubiri zipite. Kuta za Kibera za mwaka 2008, nganya za miaka ya 1990 na michoro ya awali ya Dar es Salaam zimesalia kwa sehemu ndogo tu kwenye picha. Anayepita mbele ya ukuta uliomgusa na aupige picha, aandike tarehe na mtaa, aulize jina la msanii, na aihifadhi picha hiyo, kwa kuwa wiki ijayo ukuta huo huenda ukawa mweupe.